Klachi Ikianza Kuteleza: Pata Fundi wa Kuaminika, Ulipe Hatua kwa Hatua

Klachi ni kati ya vitu vya gari ambavyo lazima viishe siku moja, kama tairi na breki. Mara nyingi haifi ghafla. Hukupa ishara kwa wiki kadhaa, lakini wengi wetu tunaendelea kusukuma gari kwa sababu bado linatembea. Halafu siku moja unapanda Mai Mahiu na mzigo nyuma, injini inanguruma, gari haliendi. Mfukoni una simu, na mbele yako kuna mtu usiyemjua anayekwambia, "Bosi, tuma elfu kumi na tano nikimbie spea."

Hapo ndipo pesa nyingi hupotea, na mara nyingi aliyetuma hajui hata gari lake linaugua nini.

Kuna swali ambalo wateja huuliza mara kwa mara: nikimtumia fundi pesa na kazi ikawa mbovu, si mnaweza kunirudishia? Tuwe wakweli kuanzia mwanzo. Huduma ya kurudisha muamala iko kwa ajili ya pesa iliyoenda kwa namba isiyo sahihi. Ukituma kwa namba uliyokusudia, kwa mtu uliyekusudia, kisha mkagombana kuhusu kazi, hiyo si pesa iliyopotea njia. Hiyo ni biashara kati yako na yeye. Ndiyo maana kinga yako iko kabla ya kuweka PIN.

Kwa hivyo katika makala hii tunafanya mambo mawili. Tunaeleza klachi kwa lugha ya kawaida ili usiuziwe mbuzi kwenye gunia, kisha tunaonyesha jinsi ya kulipa ili pesa ifuate kazi, hatua kwa hatua.

Klachi hufanya nini?

Injini ikishawashwa huzunguka wakati wote. Magurudumu nayo lazima yaweze kusimama. Klachi ndiyo inayounganisha na kutenganisha hivyo viwili.

Nyuma ya injini kuna gurudumu zito la chuma, flaiwili. Juu yake hukaa klachi pleti, sahani yenye vitambaa vigumu vya kushika pande zote mbili. Pleti hiyo hubanwa na presha pleti yenye springi kali. Ikibanwa, nguvu ya injini huingia kwenye giaboksi na gari linaenda. Ukikanyaga pedali, beringi ya klachi husukuma springi, pleti huachiwa, na unaweza kubadilisha gia.

Kati ya pedali yako na beringi kuna njia ya kupeleka nguvu. Kwa baadhi ya magari ni kebo ya waya. Kwa mengine ni mafuta, yale yale ya breki, yanayosukumwa na masta silinda iliyo karibu na pedali hadi silinda ndogo iliyo kwenye giaboksi.

Kumbuka huo mgawanyo, kwa sababu ndio wenye pesa. Vitu vya nje, yaani kebo, mafuta na silinda za nje, mara nyingi hutengenezwa bila kushusha giaboksi. Vitu vya ndani, yaani pleti, presha pleti na beringi, haviguswi mpaka giaboksi ishuke, na hiyo kazi huchukua saa nyingi. Kuna magari ambayo silinda ya chini iko ndani ya giaboksi, kwa hivyo muulize fundi yako iko wapi. Mtu akikwambia "klachi imeisha" bila kusema kama tatizo ni la ndani au la nje, bado hajakwambia kitu.

Ishara nne na maana yake

*Ya kwanza: klachi inateleza.* Unakanyaga mafuta, injini inapanda sauti, lakini mwendo hauongezeki. Huonekana kwanza kwenye gia kubwa, mlimani, au gari likiwa na mzigo. Wakati mwingine unasikia harufu ya kitu kilichoungua. Jaribio rahisi: kwenye barabara tambarare isiyo na magari, nenda polepole kwa gia ya tatu au ya nne kisha ukanyage mafuta kwa nguvu. Mshale wa mizunguko ya injini ukiruka juu na gari likabaki nyuma, klachi inateleza.

Mara nyingi maana yake ni kwamba pleti imelika. Lakini pia inaweza kuwa imelowa oili kutoka kwenye sili ya nyuma ya injini au ya giaboksi. Au kebo imekazwa kupita kiasi, kwa hivyo klachi haishiki kikamilifu hata mguu ukiwa mbali. Hiyo ya mwisho ni marekebisho ya dakika chache.

*Ya pili: klachi haiachii.* Gia zinaingia kwa shida, rivasi inakwaruza, au gari linajivuta mbele ingawa umekanyaga pedali hadi mwisho. Hapa usikubali haraka kununua seti nzima. Fungua boneti uangalie kikopo cha mafuta ya klachi. Kimepungua? Pitisha mkono juu ya pedali, pale fimbo yake inapoingia ukutani. Kuna unyevu? Pampu pedali mara tatu nne. Gia zikianza kuingia vizuri baada ya kupampu, tatizo liko kwenye mafuta: kuna hewa ndani, au silinda moja inavuja. Kwa gari la kebo, huenda kebo imelegea au nyuzi zake zinakatika.

Tahadhari moja: kwa baadhi ya magari kikopo hicho ni kimoja na cha breki. Ukiona mafuta yanapungua, usisubiri mwisho wa mwezi.

*Ya tatu: gari linatetemeka likianza kuondoka.* Unaachia pedali taratibu, na gari linaruka ruka kama mbuzi. Inaweza kuwa oili kwenye pleti, flaiwili iliyochomeka kwa joto, au mpira wa kushikilia injini uliokatika. Huo mpira uko nje kabisa ya klachi. Fundi mzuri huuangalia kwanza.

*Ya nne: kelele.* Hapa sikiliza kwa makini, kwa sababu inakuokolea pesa. Gari likiwa limesimama, injini inawaka, gia iko huru. Kama kelele inakuja ukikanyaga pedali, shuku beringi ya klachi. Kama kelele iko mguu ukiwa mbali na inapotea ukikanyaga, shuku beringi iliyo ndani ya giaboksi. Hiyo ya pili haitapona hata ukinunua klachi mpya.

Na kama gari lako ni la automatiki, kama yalivyo mengi yanayoletwa kutoka Japani, huna pedali ya klachi wala klachi ya aina tuliyoeleza hapa. Giaboksi yake ina mambo yake ndani, na hiyo ni kazi ya fundi mwingine kabisa. Mtu akikwambia kwa haraka kwamba klachi yako imeisha, muombe akueleze ni ipi na iko wapi.

Kupata fundi kabla hujamhitaji

Wakati mbaya zaidi wa kutafuta fundi ni siku gari limekataa. Mtafute gari likiwa zima.

Anza na watu wanaoendesha gari kama lako kila siku na wanaoishi kwa hilo gari. Una Probox? Ongea na madereva wa Probox kwenye steji. Una Hiace? Uliza madereva wa matatu wanapeleka wapi. Dereva ambaye gari likilala hapati chakula hana muda wa fundi wa kubahatisha. Usiulize tu, "Unajua fundi mzuri?" Uliza, "Nani alikushushia giaboksi mara ya mwisho, na ilikaa muda gani?"

Ukipata majina mawili matatu, nenda uone gereji. Kuwa chini ya mti si kosa. Jua kali imefunza mafundi hodari kuliko wengi walio kwenye majengo ya vioo. Angalia haya:

- Ana mahali pa kudumu, na majirani wanamjua?
- Kuna magari ya aina yako pale, au yote ni ya aina nyingine?
- Anakuuliza maswali kabla ya kushika spana? Kelele ilianza lini, inakuja ukifanya nini, nani aligusa gari mwisho?
- Anaendesha gari mwenyewe, au anasikiliza tu na kutaja bei?
- Boliti alizofungua anaziweka kwenye chombo, au zimetapakaa mchangani?
- Anaweza kukuonyesha cheti? Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwanda, NITA, hutoa mitihani ya ufundi wa magari kuanzia Gredi ya Tatu hadi ya Kwanza. Cheti hakimfanyi mtu kuwa mwaminifu, na wako mafundi wazuri wasio nacho, lakini ni jambo la kuuliza.

Kisha mpime kwa kazi ndogo. Mpe kazi ya kubadilisha oili na filta, au kuangalia breki. Uone kama anafika wakati aliosema, kama anarudisha chenji, kama bei ya mwisho inafanana na ya kwanza. Aliyekusumbua kwa elfu mbili usimpe kazi ya elfu thelathini.

Makadirio yaandikwe, hata kwa simu

Kenya ina Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka wa 2012, na ndani yake kuna sehemu nzima kuhusu utengenezaji wa magari. Msingi wake ni rahisi: mteja apewe makadirio, akubali kazi kabla haijafanywa, na vifaa vya zamani vilivyotolewa apewe nafasi ya kuvichukua. Wengi hatujui kwamba hizo ni haki zetu. Tunaogopa kuuliza tusionekane wasumbufu.

Huhitaji fomu yenye mhuri. Ujumbe mmoja wa simu unatosha. Mwandikie fundi:

"Fundi, nimethibitisha. Klachi inateleza, utashusha giaboksi. Nanunua seti: pleti, presha na beringi. Kazi ni 7,000. Ukipata kitu kingine ndani, nipigie na unitumie picha kabla ya kununua. Spea za zamani niwekee. Gari ni Jumatano jioni."

Akijibu "Sawa bosi", mna makubaliano. Mkija kubishana wiki ijayo, huo ujumbe utaongea kwa niaba yako.

Katika kazi ya klachi hakikisha mmezungumza mambo haya:

- *Seti nzima au pleti peke yake?* Giaboksi ikishashuka, kazi kubwa imefanyika. Ukiokoa pesa kwa kuacha beringi ya zamani kisha ikafa baada ya miezi michache, utalipa kushusha giaboksi mara ya pili.
- *Sili ya oili imeangaliwa?* Kama pleti ya zamani imelowa oili, pleti mpya italowa pia. Lazima chanzo kizibwe kwanza.
- *Flaiwili ikoje?* Ikiwa na mikwaruzo mirefu au madoa ya kuungua, uliza kama itahitaji kusawazishwa kwa mashine.
- *Mafuta ya giaboksi?* Kwa magari mengi mafuta humwagwa giaboksi inaposhuka. Nani ananunua mapya, na ni ya aina gani?

Spea: mlipe mwenye duka

Hapa ndipo pesa nyingi hupita katika mikono mingi. Fundi anasema seti ni elfu kumi na nane, dukani ni kumi na nne, na wewe hujui. Fundi kupata faida kidogo kwa kukutafutia spea si wizi, mradi akwambie wazi. Shida ni ile faida ya kufichwa, au kulipia mpya na kuwekewa iliyotumika.

Ukiweza, nenda dukani mwenyewe pamoja na fundi. Nairobi, wengi huanzia Kirinyaga Road, ambako bado watu wanaita Grogan. Kwingine fundi atakuelekeza. Beba namba ya chesisi ya gari, na ikiwezekana pleti ya zamani. Ziweke mbili pamoja: upana uwe sawa, na idadi ya meno ya katikati iwe sawa. Hicho kipimo cha dakika moja huzuia safari ya pili.

Uliza duka wazi: hii ni mpya halisi, mpya ya kampuni nyingine, au ya kutoka Japani iliyotumika? Zote zinauzwa na kila moja ina bei yake. Bei ikiwa chini sana kuliko maduka mengine yote, na boksi lina maandishi yaliyokosewa, ondoka polepole.

Halafu lipa kwa namba ya Till au ya Lipa Bili ya duka lenyewe. Kwa nini si kwa namba ya fundi?

1. Ujumbe wa malipo unabaki na jina la biashara, kiasi, tarehe na saa. Ukitaka kurudisha spea isiyofaa, una pa kuanzia.
2. Kwa kawaida malipo ya Till hayamkati mteja ada, tofauti na kutuma kwa mtu.
3. Fundi anajua unajua bei.

Kama uko mbali, piga simu dukani, uulize bei mwenyewe, uombe picha ya boksi na ya spea ikiwa nje ya boksi, kisha ulipe. Kabla ya kuweka PIN, soma jina linalotokea kwenye simu. Duka linaitwa hivi na jina ni la mtu usiyemjua? Simama. Uliza. Sekunde kumi za kusoma jina zimeokoa watu pesa nyingi kuliko simu zote wanazotupigia baadaye.

Risiti ya karatasi chukua pia. Iandikwe jina la spea, ikiwa mpya au iliyotumika, na siku ngapi unaweza kuirudisha.

Lipa kwa hatua nne

Tuchukue mfano. Bei hizi ni za kuhesabia tu, zako zitategemea gari na mji. Tuseme seti ya klachi ni 16,000, mafuta ya giaboksi 2,500, sili ya oili 1,500 ikihitajika, na kazi ni 7,000. Jumla 27,000.

Njia ya hatari: unamtumia fundi 27,000 asubuhi kwa namba yake na unaenda kazini. Kuanzia hapo huna nguvu yoyote. Gari liko wazi, pesa haiko.

Njia bora ni hii:

*Hatua ya kwanza: uchunguzi.* Kama fundi anatoza kuangalia gari, kubalianeni na umlipe. Ni kazi halali. Fundi aliyelipwa kuchunguza hana haja ya kukutafutia ugonjwa.

*Hatua ya pili: spea.* 18,500 kwenye Till ya duka, kwa seti na mafuta.

*Hatua ya tatu: kuanza kazi.* Mpe fundi 2,000 ya kuanzia. Ana msaidizi wa kulisha na nauli ya kulipa, si haki afanye kazi siku nzima bila kitu. Giaboksi ikishuka, akutumie picha ya pleti ya zamani na ya sehemu ya sili. Sili ikionekana inavuja, lipa ile 1,500 dukani. Isipovuja, hiyo pesa inabaki kwako.

*Hatua ya nne: baada ya kujaribu.* 5,000 iliyobaki unalipa ukishaendesha gari, mkiwa pamoja.

Jumla ni ile ile. Lakini kila shilingi imetoka baada ya wewe kuona kitu. Na kwa kila muamala mwandikie fundi neno moja la maelezo siku hiyo hiyo: "Nimetuma 2,000 ya kuanza kazi ya klachi." Usifute ujumbe wa malipo mpaka umekaa na gari miezi kadhaa. Ukifuta, bado unaweza kuomba taarifa ya miamala yako.

Jambo lingine. Ukiwa umebanwa, usikimbilie mkopo wa simu kabla ya kuona makadirio. Watu hukopa elfu thelathini kwa tatizo lililogeuka kuwa kebo iliyolegea, kisha mkopo unaendelea kukata ada hata gari likiwa limepona. Na kama gari ndilo linalokulisha, weka kando kiasi kidogo kila wiki kwa jina la klachi na tairi. Zitaisha tu. Swali ni kama zitakukuta umejiandaa.

Ukikwama barabarani

Usalama kwanza. Toa gari barabarani ukiweza, washa taa za tahadhari, weka laifseva zako mbali nyuma ya gari, na abiria wakae mbali na lami. Kwenye mteremko usijaribu kuteremka na gia huru ati kwa sababu klachi imekataa. Utabaki na breki peke yake, na breki zikipata moto sana hupoteza nguvu.

Mpigie fundi wako kwanza, hata kama yuko mbali. Anaweza kukwambia kwa simu uangalie kikopo cha mafuta au kebo, na huenda ukafika nyumbani. Ukihitaji brekidauni, elewaneni bei na mahali litakapopelekwa kabla gari halijafungwa ndoano. Lipa likifika.

Anayekuja mbio bila kuitwa na kutaka kushusha giaboksi hapo hapo kando ya barabara, mshukuru na umwambie unasubiri mtu. Na usimpe mtu yeyote simu yako "akuwekee namba". Namba iandike mwenyewe. PIN haisemwi kwa sauti, haiandikwi, na hakuna mfanyakazi wetu atakayekuuliza.

Kabla hujalipa salio

Endesha gari na fundi akiwa kando. Gia zote ziingie laini, na rivasi pia. Panda mlima kidogo. Simama mlimani kisha uondoke: halitetemeki? Rudia lile jaribio la gia ya tatu. Mkirudi, angalia chini kama kuna oili inayodondoka. Pokea spea za zamani uzione kwa macho yako, na muulize fundi, "Ikisumbua ndani ya muda gani nakurudia bila malipo ya kazi?" Jibu aliandike.

Kilomita mia chache za kwanza usibebe mzigo mzito na usiondoke kwa fujo, pleti mpya inahitaji kujikalia. Baada ya hapo mengi yako mikononi mwako, au tuseme mguuni mwako. Usiweke mguu juu ya pedali wakati huigusi. Kwenye foleni ya Jogoo Road au Githurai, toa gia na ukae kwa breki. Mlimani shikilia gari kwa breki ya mkono, si kwa klachi.

Mambo yakiharibika

Anza na mazungumzo, ukiwa na ujumbe wako mkononi. Mafundi wengi hurekebisha kazi wakionyeshwa kwa heshima, kwa sababu jina lao ndilo biashara yao. Ikishindikana, Mahakama ya Madai Madogo inasikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000. Unaweza kujisimamia bila wakili, na sheria inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60. Huko, makadirio, risiti na taarifa ya miamala ndivyo vitakavyokusemea.

Usichopaswa kufanya ni kudai urudishiwe muamala ati ulikosea namba, wakati fundi ameshakufanyia kazi. Huo ni ulaghai, na tukichunguza mara nyingi hujulikana.

Na kwa mafundi wanaosoma hapa, kwa sababu ninyi pia ni wateja wetu: mteja akikuonyesha ujumbe wa malipo kwenye simu yake, usiachilie ufunguo. Subiri ujumbe wako mwenyewe na uangalie salio. Pata namba ya Till kwa jina la gereji yako. Mteja anayeona jina la biashara hulipa bila woga, na kumbukumbu za malipo yako zinakulinda wewe kama zinavyomlinda yeye.

Kwa kifupi

- Jua kama tatizo ni la ndani au la nje kabla ya kununua chochote.
- Tafuta fundi gari likiwa zima, umpime kwa kazi ndogo.
- Makubaliano yawe kwa maandishi, hata kama ni ujumbe mfupi.
- Spea lipa dukani. Kazi lipa kwa awamu. Salio lipa baada ya kuendesha.
- Soma jina kabla ya kuweka PIN.

Ukituma pesa kwa namba isiyo sahihi, wasiliana nasi mara moja kupitia huduma kwa wateja, kwa sababu kila dakika ina maana. Kwa hayo mengine yote, tumekupa tunachokijua. Hifadhi makala hii kwenye simu, na umtumie yule rafiki yako ambaye gari lake limeanza kunguruma mlimani.